IST iliyotoka ovaholi: injini mpya haitaki kulazwa ikiunguruma

*Swali: Toyota IST yangu yenye injini ya 1NZ-FE ilikuwa inakula oili lita moja kila kilomita 1,000. Fundi hapa Morogoro ameifungua yote. Amebadilisha ringi, beringi za krankishafti na za konrodi, sili za valvu na gasketi zote; silinda amezihoni na hedi imeskimiwa. Kesho anaiwasha. Anasema ataiacha iungurume usiku kucha ili ringi zikae, halafu nisizidi kilomita 60 kwa saa mpaka nimalize kilomita 5,000. Jamaa yangu mmoja dereva wa lori anasema hayo ni mambo ya zamani, niikanyage tangu siku ya kwanza. Nimetumia pesa nyingi na sitaki kurudi gereji. Nimsikilize nani, na niweke oili gani?*

Ndugu msomaji, mpigie fundi wako simu leo, kabla hajaiwasha. Injini isiachwe sailensi, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, usiku kucha. Ukitaka ovaholi mpya irudi kula oili ndani ya mwezi mmoja, hiyo ndiyo njia ya uhakika. Jamaa yako yuko karibu zaidi na ukweli, ila kuna sehemu ameiruka, na ukiifuata kauli yake ilivyo utaumiza beringi. Ngoja nieleze kinachotokea mle ndani, maana ukishakielewa utajua mwenyewe cha kufanya hata barabarani ambako hakuna wa kumuuliza.

Chukua ringi mpya ya pistoni, ibane kwa vidole. Inasukuma kurudi nje, lakini kwa nguvu ndogo. Nguvu hiyo peke yake haitoshi kuziba gesi. Kinachoikandamiza ringi kwenye ukuta wa silinda ni gesi yenyewe: petroli inapowaka, mgandamizo unaingia kwenye mfereji wa pistoni, unakaa juu ya ringi na nyuma yake, kisha unaisukuma nje. Ukiwa umekanyaga mafuta vizuri, mgandamizo huo unaweza kupita bar 50 (bar ni kipimo cha mgandamizo). Injini ikiwa sailensi, unashuka hadi sehemu ndogo tu ya hapo, na ringi inabaki kuteleza juu ya oili bila kubanwa.

Sasa angalia upande wa silinda. Fundi alipohoni, jiwe liliacha mikwaruzo inayopishana kama ukili wa mkeka. Ncha za mikwaruzo hiyo ni kali. Ringi inapobanwa juu yake, ncha zinaisaga ringi nayo ringi inazisaga ncha, mpaka nyuso mbili zinalingana na gesi haipati pa kupita. Mabonde yaliyo kati ya ncha yanabaki, na yanatakiwa yabaki, kwa sababu ndiyo yanayoshika oili ya kulainisha. Kazi hii haina muda mrefu. Sehemu kubwa inafanyika kwenye makumi ya kwanza ya kilomita, iliyobaki inamalizikia kwenye mamia yanayofuata. Ncha zikishalainika, hakuna kinachoweza kusagwa tena.

Injini ikizungushwa saa nyingi bila mzigo, ringi haibanwi, gesi ya moto inapenya pembeni yake na kuunguza oili iliyo ukutani. Oili hiyo inaganda na kuwa gamba gumu linalong'aa, kama mafuta yaliyogandia kwenye kikaango, na gamba hilo linajaza yale mabonde. Ukifika hapo hakuna kilomita wala oili ya bei kubwa itakayokusaidia. Injini hufunguliwa tena, silinda hupigwa honi upya na ringi hubadilishwa. Kwa hiyo usiku mmoja wa kuunguruma unaweza kukugharimu ovaholi nzima ya pili.

Beringi, kwa upande wao, hazihitaji kusagwa na kitu chochote. Zinataka oili safi, yenye mgandamizo, tangu mzunguko wa kwanza kabisa. Pistoni nazo, hata kama ni zile zile za zamani, zinazungukwa na ringi ngumu zinazokwaruza, hivyo joto la mle ndani ni kubwa kuliko la injini iliyozoea. Hapa ndipo jamaa yako aliporuka. Ringi zinataka mzigo, ila beringi na pistoni zinataka utaratibu na nafasi ya kupoa. Jibu la swali lako ni kuipa injini mzigo wa kutosha kwa muda mfupi, kuipumzisha, kisha kuipa tena.

Huenda ukajiuliza hizo kilomita 60 kwa saa zimetoka wapi. Uingereza katika miaka ya 1950 ilikuwa kawaida kuona gari jipya limebandikwa karatasi kwenye kioo cha nyuma, ikiwaomba wanaofuata wapite kwa sababu injini bado inazoeshwa. Nyuso za vyuma vya wakati ule na oili za wakati ule zilihitaji subira hiyo. Ushauri umeishi kuliko injini zenyewe. Kuna na kanuni nyingine utaisikia, ya kuiweka injini kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, kwa muda wa dakika 20, mara inapowaka. Hiyo ina maana kwenye injini ambazo kamshafti, shafti inayofungua valvu, iko chini na inasukuma tapeti bapa (vikombe vidogo vya chuma) na fimbo, kama Peugeot 504 au V8 za zamani za Kimarekani, pale kamshafti na tapeti zinapokuwa mpya, kwa sababu oili inayofika kwenye meno ya kamshafti ni ile inayorushwa na krankishafti. 1NZ yako ina kamshafti mbili juu ya hedi na oili inazifikia kwa pampu. Haihitaji dakika 20 hizo. Inachohitaji ni kila tapeti iwe imerudishwa pale pale ilipotolewa, na ukimkuta fundi bado hajafunga kava ya juu, muulize hilo.

Kabla ya kuiwasha

Injini nyingi zinazokufa baada ya ovaholi huwa zimeharibika kabla hata ya kuwashwa, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo.

Kwanza usafi wa silinda. Vumbi la jiwe la honi haliondoki kwa petroli wala dizeli. Petroli inaondoa oili na kuliacha vumbi limejificha kwenye mikwaruzo. Silinda huoshwa kwa maji ya moto, sabuni ya unga na brashi, kisha hukaushwa na kupakwa oili mara moja kabla kutu haijaingia. Kipimo ni kitambaa cheupe chenye oili kidogo: kikipita ukutani kikatoka na rangi ya kijivu, bado. Vumbi hilo likibaki litazisaga ringi na beringi kama msasa.

Pili, chanzo cha kula oili. Kwenye injini hizi mara nyingi kinachoanza kufa ni ringi ya oili, ile ya tatu kutoka juu, inayoganda kwa masizi. Kama pistoni ni zile za zamani, mifereji yake lazima iwe imekwanguliwa na vitobo vidogo vya kurudisha oili nyuma ya ringi hiyo viwe vimezibuliwa kimoja kimoja. Ringi mpya kwenye pistoni yenye vitobo vilivyoziba ni pesa iliyotupwa. Ile valvu ndogo ya kupumulia injini iliyo kwenye kava ya juu, inayoitwa PCV, badilisha bila kufikiria mara mbili. Ikikwama, injini itavuta oili kupitia njia ya hewa nawe utailaumu kazi ya ringi.

Tatu, vipimo. Silinda ya 1NZ-FE ikiwa mpya ina kipenyo cha milimita 75.00. Bloku ni ya aluminiamu yenye bomba jembamba la chuma ndani, na kitabu cha Toyota kinasema silinda ikizidi kipimo, bloku ibadilishwe. Honi inasafisha ukuta tu. Haiwezi kurudisha silinda iliyokwisha au iliyokuwa yai. Mwulize fundi alipima ngapi juu, katikati na chini. Mwanya wa ringi ya juu ikiwa ndani ya silinda uwe kati ya milimita 0.25 na 0.35, ukiwa mdogo mno, ringi ikipata joto ncha zake zitagongana na kuvunja pistoni. Kwa kuwa hedi ilifunguliwa na huenda valvu zimesagwa, nafasi ya valvu ipimwe kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya) injini ikiwa baridi: za kuingiza hewa milimita 0.15 hadi 0.25, za kutolea moshi 0.25 hadi 0.35. Boliti za hedi hufungwa kwa spana ya torki, kuanzia katikati kwenda nje, Nm 29 kwanza, halafu digrii 90, halafu digrii 90 nyingine. Zikishafungwa hivyo haziguswi tena. Fundi akikwambia urudi baada ya kilomita 500 azikaze, huo ni ustadi wa injini za zamani; boliti hizi hunyooka zinapofungwa, na kuzikaza tena ni kuzikata.

Nne, oili ifike kila mahali kabla ya moto. Weka oili mpya na filta mpya. Chomoa plagi zote nne, soketi za koili na soketi za nozeli, ili pasiwe na cheche wala petroli. Plagi zikiwa nje, stata inazungusha haraka na beringi hazibebi mzigo wowote. Zungusha kwa sekunde 10, pumzika dakika moja stata ipoe, rudia. Taa ya oili inatakiwa izime kati ya jaribio la pili na la nne. Ikizima, zungusha mara mbili zaidi ili oili ipande mpaka kwenye kamshafti. Isipozima, usirudishe plagi. Huenda pampu haikujazwa oili wakati wa kufunga, au pampu inavuta hewa kwenye oringi ya bomba la kunyonyea, au silikoni imebanwa nyingi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) na vipande vyake vimeziba chujio. Mafundi wengi wanapenda silikoni nyingi kwa kuogopa kuvuja. Kinachobubujika nje unakiona, lakini kiasi kile kile kimebubujika na ndani.

Taa ya oili haisemi mengi, maana inazima hata kwa mgandamizo mdogo sana. Gereji yenye geji ya oili iifunge pale palipo sensa. Injini ikishapata joto, ukitaka moyo utulie, isishuke chini ya bar 0.3 ikiwa sailensi, na kwenye mizunguko 3,000 iwe kati ya bar 1.5 na 5.5.

Kuhusu aina ya oili: weka ya kawaida ya madini, 10W-30 au 15W-40 ya injini za petroli. Usianze na sinthetiki. Inateleza mno kwa kazi hii. Ringi itapita juu ya ncha bila kuzisaga vya kutosha. Na usimwage ndani yake kichupa chochote cha "kuimarisha injini", kwani vingi vimetengenezwa kupunguza msuguano ambao wewe kwa sasa unauhitaji. Injini hii ikibadilishwa oili na filta huchukua lita 3.7, ila ikiwa imefunguliwa na kukauka itakunywa zaidi kidogo, karibu lita 4. Mimina 3.7, izungushe kwa stata, kisha ongeza ukitazama dipstiki. Usijaze kupita alama ya juu.

Rejeta ijazwe kulanti, si maji ya bomba, maana bloku ya aluminiamu inaliwa na kutu ya maji matupu. Na chujio la hewa liwe jipya, kibano cha bomba la hewa kikazwe. Vumbi likiingia kilomita za mwanzo ringi hazina msamaha.

Siku ya kuwasha

Panga siku hiyo vizuri: asubuhi, gari likiwa tayari kutoka barabarani mara moja, bima ipo, tairi zina upepo, breki zinashika. Injini ikishawaka hakuna kusubiri mtu aliyeenda kununua klipu.

Iwashe bila kukanyaga mafuta. Taa ya oili izime ndani ya sekunde chache. Utasikia cheni ikigonga kidogo mpaka kikazio chake kijae oili. Sekunde tano au kumi ni sawa, dakika nzima si sawa. Baada ya hapo ipandishe hadi mizunguko 1,500 na uichezeshe kati ya hapo na 2,000, mkono wa mtu mmoja kwenye mafuta na macho ya mwingine chini ya gari. Angalia kama oili au kulanti vinavuja, kama petroli inatoka kwenye nozeli, kama kuna sauti ya chuma kugonga chuma. Weka hita kwenye moto wa juu ili hewa itoke kwenye mabomba, ongeza kulanti inaposhuka. Bomba la juu la rejeta litabaki baridi, kisha litapata moto ghafla thamostati inapofunguka, karibu na nyuzi 80. Subiri feni ijiwashe na kujizima mara moja. Feni isipowaka na joto likapanda, zima. Gari kuchemsha siku hii ni kuanza upya.

Moshi utauona, na usikutishe. Oili iliyopakwa wakati wa kufunga na ile iliyokuwa imejaa kwenye bomba la moshi kabla ya ovaholi lazima iungue. Moshi huo unapungua kadiri dakika zinavyokwenda, na unaweza kurudi kidogo kidogo siku mbili tatu.

Yote haya yasizidi dakika 10 hadi 15. Zima, tazama dipstiki na kulanti, kaza klipu zilizolegea, kisha washa tena na uondoke.

Safari ya kwanza

Kwako Morogoro barabara ya kuelekea Dumila inafaa: ina vilima vidogo, na kabla ya magari kuwa mengi asubuhi unaweza kupanda na kushuka mwendo bila kumuudhi mtu. Vijijini heshimu kilomita 50. Hata hizo zina faida, kwa sababu zinakulazimisha ubadilishe mwendo.

Tembea polepole kilomita tano za mwanzo ili gia na oili vipate joto. Kisha anza kazi yenyewe. IST nyingi ni otomatiki. Bonyeza kitufe cha O/D kiwake OFF kama gari lako linacho, ili gia isikimbilie ya juu. Ukiwa kilomita 40 au 50 kwa saa, kanyaga mafuta mpaka nusu au robo tatu ya pedeli, kwa kuibana taratibu bila kuipiga teke, gari lipande mpaka 80. Usiruhusu mizunguko ipite 4,000. Ukifika, ondoa mguu kabisa na uache gari lishikwe na gia mpaka lirudi 45, bila kugusa breki kama nyuma yako hakuna gari. Tembea kwa mwendo wa kawaida dakika moja au mbili ili joto lisambae. Rudia mara 12 hadi 15.

Kukanyaga na kuachia vina kazi tofauti, na kuachia kuna thamani sawa na kukanyaga. Unapokanyaga, gesi inabana ringi ukutani. Unapoachia ukiwa kwenye gia, njia ya hewa imefungwa na pistoni bado zinashuka, hivyo silinda inavuta. Oili inapanda kidogo ukutani, inapoza, na inaosha unga wa chuma uliosagwa ili ushuke kwenye sampu. Mtu anayekanyaga tu bila kuachia anausagia unga huo kwenye ringi. Ukiachia kwa kuweka N hupati chochote, gari lazima libaki kwenye gia.

Kama gari ni la gia za mkono, fanya hivyo hivyo kwenye gia ya tatu. Jihadhari na kosa la kuweka gia kubwa mwendo ukiwa mdogo, injini ikatetemeka na kulalamika huku wewe ukijiona unaitunza. Mzigo mkubwa kwenye mizunguko midogo unafinya oili itoke kwenye beringi, na beringi mpya hazistahili hilo.

Ukirudi, kilomita zikiwa kati ya 50 na 100, mwaga oili ikiwa ya moto na badilisha filta. Watu wengi huona uchungu kumwaga oili "mpya kabisa". Ndani yake kuna unga wote wa ringi na silinda, nyuzi za vitambaa vya gereji, na mabaki ya silikoni. Hakuna oili utakayoimwaga kwa faida kubwa kama hii. Usiitupe kabla ya kuitazama. Imwage kwenye beseni safi juani. Rangi ya kijivu yenye kumetameta kama rangi ya gari ni kawaida. Kata filta kwa msumeno, kunjua karatasi yake, pitisha sumaku. Unga laini unaonata kwenye sumaku ni wa ringi na silinda, sawa. Vipande vyembamba vinavyong'aa ambavyo sumaku haivitaki ni vya beringi au pistoni, na hapo gari halitembei tena mpaka sampu ifunguliwe.

Kutoka hapo hadi kilomita 1,500

Jaza tena oili ile ile ya madini. Mpaka kilomita 500 usizidi mizunguko 3,500 kwa kawaida, na usikae mwendo mmoja zaidi ya dakika kumi. Panda 90, shuka 70, panda tena. Safari za mjini za kilomita mbili mbili hazisaidii, kwani injini haipati hata joto. Foleni ndefu na AC ikiwa wazi ni adui wa kipindi hiki kwa sababu ileile ya kuunguruma usiku kucha. Ukikwama kwenye foleni ya nusu saa, zima. Usivute gari lingine, usijaze mizigo mpaka mkia uburuze, na kama una safari ya Iringa, isubiri. Mlima Kitonga kwa injini yenye kilomita 200 ni mzigo wa muda mrefu bila nafasi ya kupumua, na joto lake ni kubwa.

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, gari likiwa sehemu tambarare, tazama dipstiki na kulanti, uandike. Kupungua kwa oili mpaka nusu lita ndani ya kilomita 1,000 za mwanzo kunavumilika. Unachotafuta ni mwelekeo: wiki ya pili ipungue kidogo kuliko ya kwanza.

Kwenye kilomita 500 mwaga oili tena na filta. Mwambie fundi akaze boliti za mkono wa moshi, mauntini za injini na vibano vya mabomba, lakini si za hedi. Baada ya hapo unaweza kufika mizunguko 4,500 kwa vipindi vifupi. Injini hii hutoa nguvu yake ya juu kwenye mizunguko 6,000, kwa hiyo bado uko mbali na ukingo. Kwenye kilomita 1,500 mwaga mara ya tatu, na hapo ndipo unaweza kuhamia 5W-30 ya sinthetiki ukipenda. Siku hiyo hiyo pima kompresheni injini ikiwa ya moto, plagi zote nje, pedeli ya mafuta ikiwa imekanyagwa mpaka chini. Injini nzuri ya aina hii hutoa karibu bar 15. Chini ya 11 ni mgonjwa, na silinda zisipishane zaidi ya bar 1.

Ikiendelea kutoa moshi

Moshi wa bluu una saa zake. Ukitoka asubuhi inapowashwa tu kisha ukapotea, hizo ni sili za valvu, oili ilidondoka usiku. Ukitoka unapoachia mafuta kwenye mteremko kisha ukakanyaga, ni sili au gaidi za valvu (vibomba ambamo valvu huteleza) zilizolegea. Ukitoka muda wote unapokanyaga na kupanda, ni ringi.

Ikiwa ni ringi na bado hujafika kilomita 800 hivi, usikimbilie gereji. Rudia zoezi la kukanyaga na kuachia siku tatu mfululizo, mara 15 kila siku, ukitumia oili ya madini. Mara nyingi ni dereva aliyeogopa, na ringi zinakaa. Ikiwa umepita kilomita 2,000 na matumizi ya oili hayashuki, pima kompresheni, kisha weka kijiko cha oili kwenye kila silinda kupitia tundu la plagi na upime tena. Namba ikiruka juu sana, ringi hazizibi. Namba isipobadilika, tazama valvu. Kisha chukua vipimo hivyo viwili mkae na fundi, kwa sababu bila namba mtaishia kubishana nani kakosea.

Kwa wasomaji wenye dizeli, Hiace au Hilux za 3L na 5L, utaratibu ni huu huu ila kosa la kuunguruma ni baya maradufu. Dizeli ikiwa sailensi haipati joto, mafuta yasiyoungua yanaosha oili ukutani na silinda zinaota gamba haraka zaidi. Ipe dizeli mzigo wa wastani mapema, hata abiria watano au magunia machache, na uweke oili ya madini ya 15W-40 iliyotengenezwa kwa dizeli. Ile ya petroli haina sabuni ya kutosha kubeba masizi yake.